Viungo vya Taco kwa Jua la Ukambani

Pakiti ya viungo vya taco inayouzwa katika maduka makubwa ya Nairobi haina siri kubwa. Igeuze nyuma usome: pilipili, jira, kitunguu saumu, kitunguu maji, oregano, halafu chumvi, sukari na wanga. Pakiti ya kawaida ya Kimarekani ina takriban gramu 28, na imepimwa kwa ratili moja ya nyama, yaani pungufu kidogo ya nusu kilo. Mkazi wa Wote au Mwingi anayeinunua analipia pilipili iliyovuka bahari, ilhali wakulima wa Kibwezi wanalima pilipili na kuiuza ng'ambo. Analipia pia chumvi na wanga, na hivyo viwili vimejaa jikoni kwake.

Isitoshe, unga huo wa pakiti si desturi ya Mexico penyewe. Muuza taco wa barabarani kule hukolezea nyama yake chumvi na ndimu, kisha mlaji anajimiminia mchuzi wa pilipili apendavyo. Taco maarufu ya al pastor hata haikuanzia kwa Wamexico: ilitokana na wahamiaji wa Lebanoni waliokwenda na shawarma yao, ile ile inayozungushwa motoni Mombasa hadi usiku wa manane. Tabia ya kununua unga mwekundu uliochanganywa tayari ilikolea Texas. Katika miaka ya 1890, Mjerumani mmoja aliyehamia New Braunfels, William Gebhardt, alikuwa na mkahawa uliosifika kwa nyama ya pilipili. Pilipili ya aina aliyoitaka ilitoka Mexico na ilipatikana kwa msimu tu. Akaanza kuikausha, kuisaga pamoja na viungo vingine na kuihifadhi ili apike mwaka mzima. Biashara ya unga ikaupita mkahawa.

Sababu iliyomsukuma Gebhardt ndiyo inayomkabili mkulima wa Makueni. Pilipili na hoho zikiiva, zinaiva kwa mkupuo. Bei inaanguka, nyingine zinaozea shambani, na baada ya wiki chache soko liko tupu. Tofauti ni kwamba Ukambani ina kitu ambacho watu wengi wanalazimika kukilipia umeme: jua kali na hewa kavu.

Je, taco inaliwa Ukambani? Inaliwa na vijana wa vyuo, na wanaorudi nyumbani kutoka Nairobi na Mombasa kwa likizo, na wapishi wa nyumbani waliochoka kuangalia video bila kujaribu. Wengi wanakunja chapati, na wanafanya la busara. Mkate wa taco wa asili hutengenezwa kwa mahindi yaliyochemshwa na kulowekwa katika maji ya chokaa. Chokaa hulegeza ganda na kuufanya unga ushikane. Unga wa ugali kutoka posho mill haujapitia hatua hiyo. Ukiukanda na kuusukuma uwe mwembamba, unapasuka kabla ya kufika kwenye kikaango. Ganda lile lile la mahindi Wakamba walilitatua kwa njia yao: waliyatwanga kwenye kinu wakapata muthokoi. Muthokoi ni chakula kizuri, lakini haukunjiki. Basi chapati, iliyosukumwa nyembamba kuliko ya kula na maharagwe na isiyolowa mafuta, ndiyo taco ya Kitui, wala hakuna wa kuombwa radhi.

Kinachobaki ni viungo, na hapo kosa la kwanza hutokea kwenye pilipili.

Maelekezo mengi ya Kimarekani yanasema vijiko vitatu vya unga wa pilipili. Mpishi anachukua pilipili kichaa iliyokaushwa, anasaga, anapima vijiko vitatu, na chakula kinamwagwa. Kipimo cha ukali kilichobuniwa na Wilbur Scoville mwaka 1912 kinaeleza sababu. Ancho, pilipili inayotawala katika mchanganyiko wa Texas, ina ukali wa kati ya 1,000 na 1,500 kwa kipimo hicho. Pilipili kichaa inaanzia karibu 50,000 na kupanda. Vijiko vile vitatu havikusudiwi kuwasha. Kazi yake ni kuleta rangi, utamu wa mbali na uzito wa ladha. Ukali ni jambo la pembeni, unaongezwa kwa ncha ya kijiko.

Hapa Kenya kazi ya ancho inafanywa vizuri na hoho nyekundu iliyoiva kabisa, ikakaushwa na kusagwa. Paprika ya dukani nayo inatosha, maana ni ya ukoo huo huo. Anayetaka ladha yenye ukali wa wastani achanganye hoho na zile pilipili ndefu nyekundu, akitoa utando mweupe wa ndani. Wengi huamini mbegu ndizo zinazowasha. Ukali hasa hukaa kwenye utando huo unaoshikilia mbegu, na mbegu huambukizwa kwa kugusana nao. Vaa glavu, au jipake mafuta ya kupikia mikononi kabla ya kukata na unawe kwa sabuni baadaye. Ukisahau ukajigusa jicho, maji peke yake hayatakusaidia upesi.

Kukausha ndiyo kazi yenyewe, na ndiko umakini unakotakiwa zaidi. Hoho ina maji kiasi cha asilimia 92, kwa hiyo kilo nzima haifikishi gramu 100 za vipande vikavu. Usishangae beseni likiishia kwenye chupa moja ya jemu. Osha, futa kabisa, pasua, toa moyo, kisha kata vipande vyembamba vya upana wa kidole kidogo. Vipange bila kulaliana juu ya uchaga au wavu ulioinuliwa kutoka chini, hewa ipite juu na chini, na uvifunike kwa kipande cha chandarua safi dhidi ya nzi na vumbi. Vigeuze asubuhi na mchana. Kabla jua halijazama viingize ndani, kwa sababu umande wa usiku mmoja hurudisha unyevu wa kutwa nzima. Kwa jua la Januari la Kibwezi au Mutomo, vipande vyembamba huchukua siku tatu hadi tano; pilipili nzima, hata ndogo, zinaweza kufika siku kumi.

Utajuaje kwamba vimekauka? Kwa mkono na kwa sikio. Kipande kilichokauka kinavunjika kwa mlio, hakipindi. Pilipili nzima ukiitikisa karibu na sikio, mbegu zinacheza ndani. Ikiwa inapinda kama ngozi ya kiatu, irudishe juani, hata kama rangi yake inapendeza. Baada ya hapo weka vyote kwenye chupa ya kioo iliyofungwa kwa siku tatu na uitazame kila asubuhi. Ukungu wa maji ukionekana upande wa ndani wa kioo, kuna vipande vilivyodanganya. Anika vyote tena.

Katika kaunti za Makueni na Kitui, kusisitiza ukavu si kujipa shughuli. Mwaka 2004 mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yaliota kuvu linalotoa sumu ya aflatoksini, na Makueni na Kitui zikawa katikati ya msiba huo. Wagonjwa 317 waliorodheshwa, 125 kati yao wakafa. Makueni ilikuwa imekwisha kuonja balaa hiyo mwaka 1981. Wengi wanaikumbuka kama habari ya mahindi, na kweli mahindi ndiyo yaliyoua kwa sababu yanaliwa kwa wingi kila siku. Lakini kuvu hilo halichagui. Pilipili kavu ni miongoni mwa viungo vinavyopatikana nalo mara nyingi, hasa zile zilizoanikwa chini kwenye udongo au kurundikwa zikiwa bado laini. Kuchemsha na kukaanga kwa kawaida hakuiondoi sumu hiyo. Pilipili yenye madoa meusi ya ukungu, au yenye unga wa kijivu au kijani ndani, haiokolewi kwa kuoshwa wala kwa kuanikwa upya. Itupe, na usiwape kuku wala ng'ombe, maana sumu ya lishe ya ng'ombe hutokea tena kwenye maziwa.

Kuna sababu nyingine ya kusaga mwenyewe. Unga ukishakuwa unga, macho hayawezi kujua ulitokana na nini. Mwaka 2005 Uingereza ililazimika kuondoa madukani bidhaa zaidi ya 400 baada ya rangi ya viwandani iitwayo Sudan I, inayohusishwa na saratani, kukutwa kwenye unga wa pilipili uliotumika kutengenezea mchuzi wa chupa. Miaka michache iliyopita watafiti walibaini Bangladesh kwamba manjano ilikuwa ikipakwa rangi yenye risasi ili ing'ae. Hii haina maana kwamba kila mfanyabiashara wa viungo ni mwongo. Maana yake ni kwamba punje nzima ya jira au pilipili nzima kavu ni vigumu kuichakachua bila wewe kuona, na ndiyo maana ushauri wa kwanza sokoni ni kununua punje, usinunue unga.

Jira, ambayo watu wa pwani huiita bizari nyembamba, ndiyo inayoifanya taco inukie taco. Nyingi inayouzwa Afrika Mashariki ina asili ya India, na soko lake kuu liko Unjha, jimbo la Gujarat. Ukambani, harufu ya jira ina makao yanayojulikana. Reli ya Mombasa hadi Ziwa Viktoria ilijengwa kati ya 1896 na 1901 kwa mikono ya vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India, ikapita Kibwezi na Makindu. Pale Makindu, hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926 bado linawapa wasafiri wa barabara ya Mombasa chakula cha bure, awe dereva wa lori au familia inayokwenda likizo. Ukila dengu za pale ndipo unapoelewa jira iliyopata moto inavyotofautiana na jira iliyotupwa sufuriani kama mchanga.

Moto huo ndio unaokosekana kwenye pakiti. Chukua kikaango kikavu, bila mafuta, kiweke kwenye moto mdogo. Mimina jira, isizidi kufunika sehemu ya chini kwa safu moja, na usiondoke. Kwa nusu dakika ya kwanza hakuna kinachotokea. Kisha punje zinaanza kugeuka kutoka rangi ya majani makavu kuelekea kahawia, moja mbili zinaruka, harufu inapanda ghafla na kujaa chumba. Hapo hapo zimwage kwenye sahani baridi. Kuziacha kwenye kikaango kilichozimwa ni kuziunguza, kwa maana chuma bado kina moto. Jira iliyoungua ni chungu, na uchungu wake hautibiki kwa sukari. Kazi yote haizidi dakika mbili. Mbegu za dania zikaange peke yake baada ya jira, kwa sababu ni kubwa zaidi na zinataka muda zaidi. Pilipili na unga wa kitunguu saumu usivipeleke motoni kabisa. Vinaungua kabla hujageuza mwiko.

Kuhusu dania, joto la Kitui linamsaidia mpishi wa viungo kuliko linavyomsaidia muuza majani. Wakulima hulalamika kwamba inachanua haraka kabla ya kutoa majani ya kutosha. Iache ichanue. Mbegu zikigeuka kahawia, kata vikonyo, vifunge ndani ya mfuko wa karatasi na uvining'inize mahali pakavu. Baada ya wiki moja au mbili mbegu zitapukutika zenyewe. Ila hapa pana onyo ambalo halina mzaha. Mbegu za dania za kupanda zinazouzwa agrovet mara nyingi zimepakwa dawa ya kuzuia kuvu, nyingine hata rangi ya waridi au buluu. Hizo ni za udongoni. Usizisage, usizioshe ukidhani zimesafika. Za kula nunua kwenye duka la vyakula.

Kitunguu saumu na kitunguu maji hukaushwa kama hoho, vikikatwa vipande vyembamba kama karatasi. Ukweli ni kwamba kitunguu maji kwa jua la nje kinasumbua: kinavuta nzi, kinageuka rangi, na kina maji karibu asilimia 90. Mwenye oveni atumie nyuzi 60 za selisiasi kwa saa kadhaa, mlango ukiwa wazi kidogo. Asiye na oveni anunue unga wa kitunguu saumu dukani, aache kitunguu maji kabisa, kisha akaange kitunguu kibichi zaidi wakati wa kupika. Hatapoteza chochote cha maana.

Oregano inastahili maneno mawili. Ile inayotumika Mexico si jamaa wa ile inayonyunyizwa kwenye piza ya Kiitaliano. Ni kichaka cha jenasi ya Lippia, chenye harufu kali inayokaribia ndimu. Na jenasi hiyo ina ndugu huku: mmea mmoja unaoota katika maeneo haya, mtaalamu wa mimea wa Kijerumani Vatke, wa karne ya 19, aliupa jina Lippia kituiensis, likabeba Kitui hadi kwenye vitabu vya sayansi. Msomaji asikimbilie porini na panga. Kunukia kwa jani si ruhusa ya kulila, na ndugu wa mmea unaoliwa anaweza kuwa na kemikali tofauti kabisa. Tumia oregano ya chupa ya dukani, ile ya piza, kwa kiasi kidogo. Ikikosekana, acha. Mchanganyiko usio na oregano bado ni mzuri. Usio na jira ndio usio na maana.

Kuna kiungo kimoja ambacho hakimo kwenye pakiti yoyote ya Kimarekani na ambacho Makueni inapaswa kukitia: embe bichi. Kaunti hii ni miongoni mwa zinazoongoza kwa maembe nchini, na ina kiwanda cha kusindika matunda pale Kalamba. Embe linalovutia soko ni lililoiva. Lile bichi, gumu, chachu, linalopunguzwa mtini ili mengine yakue, mara nyingi halina mnunuzi. Wahindi hulimenya, hulikata vipande vyembamba, hulianika na kulisaga kuwa unga wa kutia uchachu. Ladha yake inaziba pengo la ndimu ndani ya mchanganyiko mkavu, kitu ambacho maji ya ndimu hayawezi kufanya. Chuma mtini, yaliyoanguka huwa yamekwisha kutobolewa na nzi wa matunda. Embe bichi hukauka upesi na unga wake huvuta unyevu upesi vilevile, kwa hiyo uweke kwenye chupa yake na uutie kwenye mchanganyiko kidogo kidogo.

Sasa vipimo. Kwa vijiko vikubwa vya mezani: vitatu vya unga wa hoho nyekundu au paprika, viwili vya jira iliyokaangwa na kusagwa, kimoja cha dania, kimoja cha unga wa kitunguu saumu, kimoja cha unga wa embe bichi. Kwa vijiko vya chai: viwili vya oregano iliyosuguliwa viganjani, kimoja cha pilipili manga, nusu ya pilipili kichaa. Hiyo nusu ni kwa familia yenye watoto. Watu wazima wanaopenda kutoka jasho wataipandisha wenyewe. Mchanganyiko huo unatosha nusu kilo ya nyama mara nne, kwa vijiko viwili vikubwa kila mara.

Chumvi haimo, na haikusahauliwa. Ukitia chumvi kwenye chupa, unajifunga: siku ukitaka viungo zaidi, unalazimika kula chumvi zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na hesabu hiyo ni ya kutwa nzima, pamoja na mkate na sukuma wiki. Mwenye shinikizo la damu nyumbani atashukuru kwamba chupa ya viungo na mkebe wa chumvi viko mbalimbali. Wanga pia hauna kazi. Kwenye pakiti upo ili mchuzi uwe mzito na unga usigande.

Namna ya kusaga inategemea ulicho nacho. Kinu kidogo na mchi vinatoa unga wenye chembe chembe na harufu bora, ila mkono utachoka kwenye hoho. Blenda yenye kikombe kidogo cha kusagia vitu vikavu ni nzuri. Saga kwa vipindi vifupi ili viungo visipate joto, halafu subiri dakika kadhaa kabla ya kufungua, vumbi la pilipili litue. Anayefungua mara moja anakohoa yeye na jirani. Posho mill usiifikirie, isipokuwa mwenye kinu ana mashine ya viungo peke yake: mteja atakayesaga baada yako atakula ugali wa pilipili, na wewe utakuwa umechukua mabaki ya mahindi ya watu ndani ya chupa yako. Chekecha mwishoni na urudishe makapi kwenye blenda mara moja.

Upikaji ni mwepesi lakini una mpangilio wake. Nyama ya mbuzi iliyosagwa haina mafuta mengi, kwa hiyo anza na vijiko vitatu vikubwa vya mafuta. Ya ng'ombe hutosheka na kimoja. Kaanga kitunguu mpaka kilainike, tia nyama, iache ipate rangi ya kahawia bila kuikoroga kila dakika. Isogeze pembeni, tia viungo kwenye mafuta yaliyo wazi kwa nusu dakika, kisha changanya. Hatua hiyo ya nusu dakika ndiyo inayotoa rangi nyekundu kwenye mafuta. Ongeza nyanya mbili zilizokatwakatwa na nusu kikombe cha maji, chemsha kwa moto mdogo dakika 15 hadi maji yakauke, na hapo ndipo chumvi iingie, robo tatu ya kijiko cha chai kwanza, uonje.

Lakini mlo unaostahili viungo hivi zaidi katika Kitui ni ndengu. Kitui ni nchi ya ndengu. Serikali ya kaunti iliwahi hata kuendesha kampeni ya kugawa mbegu bora kwa wakulima. Zichemshe ziive bila kupondeka, zimwage maji, kisha zikaange kama nyama hapo juu kwa kijiko kimoja na nusu cha viungo. Ndengu hunywa ladha kuliko nyama, na bei yake haimuumizi mtu. Juu yake weka kabichi iliyokatwa nyembamba, kachumbari, kipande cha parachichi na ndimu. Wageni watakaouliza nyama iko wapi ni wachache.

Kuhifadhi kunataka nidhamu ndogo tu. Chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, mbali na jiko na dirisha. Andika tarehe ya kusaga kwenye kipande cha karatasi na ukibandike. Unga wa viungo huanza kupoteza nguvu baada ya miezi mitatu na kufikia miezi sita unakuwa rangi tu. Punje nzima hukaa mwaka na zaidi. Kwa hiyo saga kidogo, hifadhi punje nyingi. Usinyunyize kutoka kwenye chupa moja kwa moja juu ya sufuria inayofuka mvuke, na usichovye kijiko chenye maji. Mabonge yakitokea na harufu ya uvundo ikasikika, mwaga.

Anayeona biashara ndani ya chupa hizi, na wapo watakaoiona, ajue kwamba kuuza ni jambo lingine. Atahitaji cheti cha afya cha anayeshika chakula, kibali cha biashara cha kaunti na alama ya ubora ya KEBS kabla bidhaa yake haijapangwa kwenye rafu ya duka. Aanze na kipimo cha unyevu na jengo safi, lebo ya rangi rangi ije baadaye.

Kwa matumizi ya nyumbani, kalenda ni rahisi. Panda hoho na pilipili mvua za Oktoba zikianza, maana katika Ukambani mvua za vuli ndizo za kutegemewa zaidi, na uanike Januari na Februari wakati anga ni safi. Juni na Julai kuna ubaridi na mawingu, na pilipili iliyoanikwa miezi hiyo huota ukungu kabla ya kukauka. Usianike wakati huo.